Tanuru Lililofunguliwa Jumatano

Chungu cha udongo wa mawe kikipasuka kwa baridi hakipigi kelele. Kinatoa mlio mdogo tu, tin, kama mtu aliyegonga glasi kwa ukucha, kisha kimya. Kidongo aliusikia mlio huo akiwa bado kitandani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akadhani anaota. Alikuwa amekesha siku mbili mfululizo akilisha moto, na alipolala, alilala usingizi wa pono. Ukaja mlio wa pili. Wa tatu ulipokuja yeye alikuwa keshafika uani, miguu peku, shuka begani.

Mlango wa tanuru ulikuwa wazi.

Ngoja nikueleze vizuri, usije ukasema mtoto wa watu alikasirika bure. Vyungu vile vya bustani havikuwa vya kuchoma leo na kutoa kesho. Udongo wa mawe unachomwa mpaka unakaribia kuyeyuka, na ukishapoa unakuwa mgumu hata mvua, jua na mizizi vinauchoka. Lakini una masharti yake. Moto ukizimwa, mlango unazibwa kwa matofali na tope, kila upenyo, na tanuru linaachwa siku mbili kamili lipoe lenyewe. Halichunguliwi. Hewa ya asubuhi ikiingia mapema, chungu kinakutazama kizima, halafu kinapasuka mbele ya macho yako na huna la kukifanya. Moto ulizimwa alfajiri ya Jumanne. Tanuru lilikuwa lifunguliwe Alhamisi, na Kidongo alikuwa ameiandika siku hiyo kwa chaki ukutani, herufi kubwa kama za duka. Na leo ilikuwa Jumatano.

Mbele ya mlango ule walikuwa watu wawili. Baba yake, mzee aliyefinyanga tangu kabla hajaota ndevu, alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama chini. Na pembeni yake alisimama Bwana Maua, shati limejaa masizi.

Jina lake halisi huyu bwana halikuwahi kutumika pale nyumbani. Alikuwa mtunza bustani, ana kitalu chake cha miche mtaa wa pili, basi Shangazi akambandika jina la Bwana Maua kwa utani na likamganda. Kila asubuhi saa kumi na mbili alikuja kumwagilia miche aliyoipanga ukutani mwa ua, ikisubiri vyungu. Kazi ile ilikuwa yao wote wawili: vyungu thelathini na viwili vya ua wa maktaba mpya, vyungu vya Kidongo, mimea ya Bwana Maua. Na ndani ya kazi hiyo kulikuwa na jambo jingine, ndilo lililomfanya Kidongo asilale siku mbili.

Miaka minne walikuwa wanapendana, na miaka minne mzee alikuwa anakataa. Hakumtukana kijana wa watu, hapana. Alikuwa na msemo wake mmoja tu, kwamba mizizi na chungu haviketi pamoja, kimoja lazima kivunjike. Akishausema anageuka kuendelea na kazi, na huna pa kumshika. Mwezi uliopita Shangazi, dada wa mzee, alimbana mpaka akatoa neno. Akasema, haya, vyungu vya maktaba vikitoka tanurini vizima, wazee wa huyo bwana waje Jumamosi inayofuata tuzungumze. Kidongo alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Hakuwa na mama, hakuwa na ndugu, alikuwa na baba huyu mmoja, na hakutaka kuolewa kwa kumkimbia.

"Nani amefungua?" aliuliza.

Mzee hakuinua uso. Bwana Maua akapiga hatua moja mbele.

"Ni mimi."

"Wewe."

"Nilitaka kuviona. Nilidhani vimepoa."

Ndani ya tanuru ukasikika mlio mwingine, tin. Kidongo alihisi damu inampanda kutoka nyayoni. Watu wanaomjua wanajua kwamba hapigi makelele akikasirika, sauti yake inashuka, na ndiyo inayotisha.

"Ulidhani," alisema. "Nimekuandikia ukutani. Nimekwambia kwa mdomo, si mara moja. Mtu asiyejua kusoma angeelewa. Ulikuwa unataka kuona nini, Bwana Maua? Siku moja tu imekushinda?"

Bwana Maua alisema amekosa. Hakujitetea, na kule kutojitetea kukamwasha zaidi, kwa sababu mtu akijitetea unapata pa kumpigia. Akammwagia yote. Akamwambia ni mharibifu, hana subira, kwamba miaka minne amejifanya anaheshimu kazi yake kumbe anaichukulia kama mchezo wa watoto wa kupika kwa matope. Akamwambia baba yake alikuwa sahihi siku zote na yeye ndiye aliyekuwa mjinga wa kumbishia. Hilo la mwisho alilisema akimtazama usoni. Alikiona kidevu chake kikicheza kidogo, akajua limeingia, akafurahi, halafu akajichukia kwa kufurahi.

"Chukua miche yako," alimaliza. "Yote. Nisikute hata jani."

Hapo ndipo mzee alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Nilisema mimi," alinong'ona, bado anatazama chini. "Mizizi na chungu haviketi pamoja."

Bwana Maua alimtazama mzee. Alimtazama kwa muda mrefu kidogo, wala si kwa ubaya, kisha akaenda kuleta mkokoteni. Alipakia miche yake mmoja mmoja, kwa utaratibu, huku Kidongo amempa mgongo. Alipofika getini alisimama. Kidongo hakugeuka, ila alijua kwamba amesimama, maana gurudumu la mkokoteni ule lilikuwa bovu na lilikuwa limeacha kulia. Angegeuka wakati ule, pengine siku ingekwenda njia nyingine. Hakugeuka. Gurudumu likaanza kulia tena, likafifia mtaani.

Jamani, mapenzi yana dharau. Mtu umemfukuza kwa kinywa chako mwenyewe, mkono wako mwenyewe umeonyesha geti, na moyo unakaa pembeni unakukumbusha mambo ambayo hukuuliza. Kidongo alikumbuka siku ya kwanza Bwana Maua alipokuja pale, hajulikani wala halijulikani jina lake, amebeba chungu chenye mmea uliokufa. Alikuja kulalamika. Alisema mashimo ya chini ni madogo, maji hayatoki, mimea inazama kama panya kwenye pipa. Waligombana saa nzima juu ya upana wa shimo. Mwisho Kidongo alitumbukiza kidole gumba chake kwenye udongo mbichi akamwambia haya, huo upana unatosha? Bwana Maua akachukua muda mrefu kuupima, kwa kidole chake, na macho yake hayakuwa kwenye shimo. Tangu siku ile kila chungu chake kilikuwa na mashimo matatu ya upana ule.

Alifuta uso kwa shuka akaanza kazi. Alingoja mpaka milio ikakoma kabisa, kisha akatoa vyungu kimoja kimoja na kuvigonga kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia kama kengele, kilichopasuka kinajibu kama ubao. Alipofika cha mwisho vizima vilikuwa kumi na vitatu. Kumi na tisa vilikuwa magae, vingine bado vimesimama vizuri kabisa, ufa mwembamba kama unywele umepita kutoka mdomoni hadi kitakoni. Vilikuwa na rangi ile ya kijani cha bwawa aliyoitafuta mwaka mzima. Rangi ilikuwa imekubali, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Shangazi alitokea jikoni, akatazama, akashika kiuno. Alisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini kwa magae haya wewe utakula mpaka wajukuu. Alikuwa anajaribu kumchekesha. Alipoona haikuwezekana alimwekea kikombe cha chai juu ya ukuta na kuondoka bila neno. Mzee alikuwa ameshaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Ilipofika saa nne Kidongo aliinama kuokota matofali ya mlango ili ayarudishe mahali pake. Alinyoosha mkono kulishika la kwanza, na mkono ukabaki hewani.

Matofali yalikuwa yamepangwa ukutani. Si kutupwa, si kurundikwa. Yalisimama kwa ubavu, upande uliotazama moto umegeuziwa ukuta, na kati ya kila tofali na lenzake palikuwa na nafasi ya kidole kimoja. Yalianzia kushoto, namba moja, mbili, tatu, kama kila moja lilivyoandikwa mahali pake mlangoni, mpaka la mwisho. Tofali la moto ukililaza chini kwenye ardhi baridi linapasuka. Ukilibananisha na lenzake halipoi sawasawa. Hayo mtu hayajui kwa kuzaliwa. Kidongo aliyajua kwa sababu alipokuwa na miaka tisa alichapwa kwa kuyakosea, na aliyemchapa akamwonyesha mara ya pili na ya tatu kwa uvumilivu mpaka akaweza. Bwana Maua hakuwahi kufunzwa. Bwana Maua kila kitu chake alikilaza bapa na kukipandanisha, kama trei za miche.

Na tena, tofali la siku moja huwezi kulishika kwa mkono mtupu. Glavu nene za tanuru zilikuwa jozi moja tu pale nyumbani. Zilikaa kwenye sanduku la mzee, na ufunguo wa sanduku ulikaa shingoni mwake.

Hasira ya kwanza ilikuwa moto wa makaratasi, unawaka na kwisha. Hii ya pili ilikuwa nyingine. Hii ilikuja polepole na ikakaa.

Hakubisha hodi. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono imelala mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa hospitalini.

"Baba. Matofali nani ameyapanga?"

Mzee aliigeuza mikono yake akaitazama. Kisha akaanza kueleza, na alieleza kama wazee wanavyoeleza, kwa kuzunguka. Alisema katika enzi zao walichoma udongo mwekundu, moto wa jioni moja, na asubuhi walitoa vyungu bado vina joto, wakavipeleka sokoni vikichoma migongo ya punda. Miaka arobaini alifungua tanuru asubuhi. Alisema alijua kwamba huu udongo mpya una siku zake, alijua, lakini mkono ulikuwa umezoea. Aliamka kabla ya watu akaenda kugusa ukuta wa tanuru, akaona si moto kama alivyotarajia. Akasema moyoni, atoe tofali moja tu achungulie. Baada ya la kwanza akatoa la pili.

"Nilitaka nikija kukuamsha nikwambie vyote vimetoka vizima," alisema. "Nilitaka niwe wa kwanza kukwambia."

Kosa hilo Kidongo angeweza kulisamehe hapohapo, tena kwa kulia. Mkono uliozoea si dhambi. Lakini kulikuwa na kingine.

"Na yeye?"

"Alinikuta. Milio ilikuwa imeanza. Nilikuwa nimekaa chini, akaniinua na masizi yangu yote akaniketisha kigodani. Nilimwambia binti yangu ataniona nimezeeka, ataninyang'anya tanuru. Sikumwomba kitu, Kidongo. Ulipotoka, alisema yeye kabla mimi sijafungua mdomo."

"Na ulipoufungua, Baba, ulisema nini?"

Mzee alishika ufunguo shingoni.

"Nikukumbushe? Nilikuwa namtukana mtu asiye na kosa. Nilikuwa namfukuza mbele yako, na wewe unajua. Ukaufungua mdomo ukasema mizizi na chungu haviketi pamoja." Sauti yake ilikuwa chini kiasi kwamba mzee aliinamisha kichwa ili asikie. "Tanuru lilikuponyoka. Hilo la pili halikukuponyoka. Hilo ulilifanya."

Alitoka. Shangazi aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anafagia alimpisha bila hata kumuuliza anakwenda wapi na miguu imejaa majivu.

Usidhani alikuwa anakwenda kuomba msamaha. Alikuwa anakwenda na hasira ya tatu, na hii aliipalilia njia nzima, mtaa wa kwanza na wa pili, akiwapita watu bila salamu. Kitaluni alimkuta Bwana Maua amechutama kati ya mistari ya miche, anairudisha mahali ilipotoka. Alipomwona alisimama. Masizi yalikuwa bado sikioni kwake.

"Nimeyaona matofali," Kidongo alisema.

Bwana Maua alielewa papo hapo. Aliangalia pembeni, akapangusa mikono kwenye suruali, akaanza kusema kwamba mzee alikuwa anatetemeka, kwamba hakuwa amepanga, maneno yalimtoka tu. Alisema mzee ndiye mtu pekee Kidongo aliyebaki naye, na kukosana na baba si sawa na kukosana na yeye. "Nilijua hasira yako kwangu ingepita," alisema.

"Nani alikwambia ingepita?"

"Kidongo..."

"Nakuuliza. Nani alikwambia? Mimi leo asubuhi nimekuzika. Unaelewa? Nimekuzika mzima mzima, nikarudi kugonga vyungu. Kama matofali yangekuwa yametupwa tu, ningekaa hivyo miaka yote. Ningeolewa na mtu mwingine huku nakuchukia kwa kosa ambalo hukufanya. Na wewe ungekuwa umekaa hapa na miche yako, unajiona mwema."

"Sikujiona mwema. Nilikuwa naumia."

"Vizuri. Uumie." Machozi yalikuwa yameshaanza na hakuyajali. "Maneno niliyokwambia nitayarudisha wapi? Nilikuita mharibifu. Nilisema baba alikuwa sahihi. Umenifanya niyaseme, na yalikuwa ya kweli wakati nayasema. Kunikasirikia ni haki yako, kunisamehe ni hiari yako. Lakini usinichagulie wa kumkasirikia. Huo si upendo, huko ni kunifanya mtoto. Baba ananifanya mtoto kwa upande wake, na wewe kwa upande wako, halafu mnaniita mwenye tanuru."

Mfanyakazi wa kitalu aliyekuwa anachota maji upande wa pili aliacha ndoo akaenda kutafuta shughuli nje ya geti. Kulikuwa na nafasi ya mkono mmoja kati yao. Kidongo aliyaona yale masizi sikioni na vidole vyake vikataka kwenda kuyafuta, kwa tabia tu, kama walivyofanya mara elfu. Akavikunja ndani ya ngumi. Alimpenda, na alikuwa na hasira naye, na hakuna kimoja kilichopunguza kingine.

"Nimekosa," Bwana Maua alisema. Safari hii hakulisema kama asubuhi. Safari hii kosa lilikuwa lake. "Sitakudanganya tena. Hata kwa wema."

"Hasa kwa wema."

"Hasa kwa wema."

Kidongo alivuta pumzi. Alisema atapiga simu maktaba, vizima kumi na vitatu viende wiki hii, vilivyobaki aombe mwezi mmoja. Alisema udongo upo na rangi ameshaipata. Kisha akasema, kama mtu anayesoma orodha, kwamba wazee wa Bwana Maua waje Jumamosi saa kumi, kama ilivyokuwa imepangwa.

Bwana Maua alimtazama kama aliyesikia vibaya. "Vyungu havikutoka vizima. Mzee aliweka sharti."

"Sharti alilivunja yeye. Waje."

"Bado umenikasirikia."

"Sana. Mpaka Jumamosi nitakuwa bado. Waje hivyohivyo."

Aliondoka kabla hajashikwa mkono, kwa sababu akishikwa angebaki.

Nyumbani alimkuta mzee ametoka chumbani. Alikuwa amekaa uani mbele ya ubao wa kukandia, mikono imezama kwenye udongo wa mawe, anaukanda kwa vyungu vipya bila kuagizwa na mtu. Aliukanda vizuri. Hakuna aliyekanda kama yeye. Kidongo alisimama juu yake, kivuli chake kikaangukia ule udongo, na mzee hakusimamisha mikono.

"Umemwambia nini?" aliuliza.

"Wazee wake waje Jumamosi."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. Akakanda mara mbili tatu zaidi. "Na mimi nitawaambia nini?"

"Watakaa, watasema yao, halafu watakuuliza kama baba una neno. Hapo utawaambia nani alifungua tanuru, na nani alibebeshwa, na nani alikaa kimya. Yeye akiwa amekaa hapo anakusikia."

Mikono ya mzee ilisimama.

"Mbele ya wageni, Kidongo?"

"Yeye aliaibika mbele ya mtu anayempenda, Baba. Kwako wewe, wale ni wageni tu."